Sikiliza Moteri Kabla Haijakwama

Leo tunasema na wamotari na mafundi wa Kasongo na Kabambare. Pikipiki nyingi zinazobeba watu, mchele na mawese katika njia zetu zimebadilishwa: keria ya mizigo imerefushwa, ekzosi imekatwa, na wengine wametoa filta ya hewa wakidhani moteri itapata nguvu. Haipati. Bila filta, vumbi la kiangazi linaingia na kula ringi na silinda. Tena hewa inazidi petroli, moteri inachemka, na kwenye mlima inagonga kwa ukali kama vijiwe ndani ya kopo. Rudisheni filta, jamani, na ekzosi nzima ya pikipiki.

Ukisikia mlio mpya, simama. Zima, ngoja oili ishuke, uipime, pikipiki ikiwa wima. Ikiwa imepungua, ongeza kwanza. Kisha washa, ongeza gesi polepole. Tik-tik ya juu inayofuata mwendo wa moteri mara nyingi ni valvu zilizolegea; fundi azirekebishe moteri ikiwa baridi. Mlio mzito wa kugonga wa chini, unaozidi ukipakia mzigo, ndio wa kuogopa: huenda ni beringi ya mkono wa pistoni. Hapo usiendeshe tena hata kidogo, sukuma.

Na ukishika klachi kwenye tambarare, mlio ukafuata gurudumu badala ya moteri, angalia cheni na beringi za magurudumu.

Nanyi mafundi, kabla ya kufungua silinda, muulizeni mwenye pikipiki amebadilisha nini, na lini.