Kifuta Jasho Si Fidia: Mkulima wa Kibondo na Kasulu Anadai Haki

(Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wa chama)



Leo nasema jambo moja tu: malipo ya mkulima akipata maafa. Sisi tumesomeshwa kwa mahindi, maharage na mihogo. Shamba likiangamia, nyumba nzima imeangamia.

Tuanze na tembo. Kibondo tunapakana na Pori la Akiba la Moyowosi. Tembo wakiingia shambani usiku mmoja, kazi ya msimu imekwisha. Serikali inalipa? Ndiyo, inalipa kitu kinaitwa kifuta jasho. Jamani, lisikilizeni hilo jina. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hiyo ni pole tu, fidia haipo.

Kanuni za mwaka 2011 zikapanga viwango. Kwa kanuni hizo, shamba lililo ndani ya nusu kilomita kutoka mpaka wa hifadhi, ulikuwa hupati kitu. Kuanzia hapo mpaka kilomita moja, ilikuwa shilingi 25,000 kwa ekari. Kadiri ulivyokaa mbali ndivyo kiwango kilivyopanda, hadi shilingi 100,000 ulipovuka kilomita tano. Na mwisho ulikuwa ekari tano, hata kama umepoteza kumi. Yaani anayelala na tembo mlangoni ndiye aliyepangiwa kidogo kuliko wote! Na hiyo 25,000 hainunui hata mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia wa kilo 50.

Wataniambia viwango vinaweza kupandishwa. Vipandishwe, sawa. Lakini pole ikiongezwa bado ni pole. Ukimuua tembo, unashtakiwa kwa sababu ni mali ya umma. Sasa mali ya umma ikila mahindi yangu, kwa nini hasara iwe yangu peke yangu?

Mvua ya mawe na mafuriko je? Huko hata hiyo jedwali ya viwango hakuna. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeunda kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na ina mfuko wake. Ila haisemi aliyepoteza ekari moja ya maharage alipwe shilingi ngapi, wala lini. Anabaki kungoja huruma.

Na huruma inabadilika na mtu. Tetemeko lilipiga Kagera Septemba 10, 2016. Januari 2017 Rais Magufuli akaenda Bukoba, akawaambia wananchi Serikali haitawajengea nyumba. Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope yakaua watu Katesh, Hanang, na safari hii Serikali ikajenga nyumba kule Waret. Hanang walistahili kabisa, hilo sina ugomvi nalo. Ninachouliza ni hiki: nchi ni ile ile, Katiba ni ile ile, mbona majibu mawili? Kwa sababu hakuna haki iliyoandikwa ambayo mwananchi anaweza kuishika mkononi akadai.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Moja, sheria iseme fidia, ipimwe kwa mavuno yaliyopotea. Mbili, iwekwe siku ya mwisho ya kulipa, maana fedha ikija baada ya msimu wa kupanda haimsaidii mtu. Tatu, orodha ya waliotathminiwa na waliolipwa ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji.

Na sisi tusikae tunalalamika mtandaoni tu. Una simu? Shamba la jirani likiharibiwa, piga picha siku hiyo hiyo. Msindikize mzee kwa mtendaji wa kijiji, hakikisheni afisa ugani na afisa wanyamapori wanafika, na nakala ya fomu ibaki nyumbani. Halafu mfuateni diwani, awe wa chama chochote, aulize kwenye baraza la halmashauri: zimeripotiwa ekari ngapi, wamelipwa wangapi, wengine lini?

Mkulima wa Buha haombi sadaka. Anadai chake.