Kambi ya Vijana Sori na Maji Yaliyoikuta
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama)



Sisi tuliowekwa kuangalia mambo ya vijana tumetakiwa kutoa maelezo ya kambi ya Sori ya mwezi wa Aprili, 2024. Twaanza kwa kumshukuru Mungu kwamba vijana 34 walikwenda, na vijana 34 wakarudi. Hata hivyo hatukusimama hapa kupokea pongezi. Wazazi kadha wametuuliza, nao wana haki: ni nani aliyewalaza watoto wetu penye njia ya maji? Jibu ni kwamba ni sisi, nasi tumekuja kulisema mbele yenu.

Nia ya kambi ilikuwa njema. Wengi wa vijana wetu wamezaliwa mijini, na ziwa la babu zao hawalijui ila kwa samaki wamwonaye sokoni. Tulitaka waone jinsi dagaa wanavyoanikwa alfajiri, jinsi nyavu zinavyoshonwa, na jinsi mtu anavyowaamkia wakubwa katika mji asio mgeni wala mwenyeji. Siku tatu za kwanza zilipita kwa furaha, na akina mama wa ufukoni waliwapokea kama wajukuu.

Mahema tulikuwa tumeyapiga juu ya mchanga mweupe karibu na mdomo wa korongo kavu, si mbali na ziwa. Palikuwa pazuri kwa macho, tena pana na safi. Siku ya pili mzee mmoja mvuvi alipita, akasimama, akatazama korongo, kisha akatazama mahema. Akatuambia, "Wanangu, mchanga huu haukuletwa na upepo. Umeletwa na maji, nayo yajua njia ya kurudi." Tukamjibu kwa adabu, "Ahsante, Jaduong', tumesikia." Lakini hatukung'oa hata kigingi kimoja, kwa kuwa korongo lilikuwa kavu na kazi ya kuhama ilituonekea kubwa.

Siku ya nne, alasiri, mawingu meusi yalijikusanya juu ya vilima vya Gwassi. Kambini hakukunyesha ila matone machache, na vijana waliendelea na mchezo wao wa mpira. Jua lilipokuwa likizama tukasikia mvumo kama wa lori lipandalo mlima. Haukupita muda, maji mekundu yakatoka korongoni yamebeba magogo na matawi. Tuliwaamuru vijana waache vitu vyote wakimbilie mwinuko. Kijana mmoja alirudi kuchukua viatu vyake, maji yakampiga magotini na kumwangusha. Wavuvi wawili waliingia wameshikana kwa kamba ya nyavu wakamtoa. Mahema, vyungu, unga na magodoro vyote vilikwenda ziwani.

Katika taharuki hiyo baadhi yetu walitoa shauri kwamba vijana wapakiwe mashuani usiku ule ule wapelekwe pwani nyingine. Wavuvi walikataa katakata, na leo twajua kwamba kukataa kwao kulikuwa wokovu wa pili. Mchana upepo hutoka ziwani ukaingia nchi kavu, na mvua hupiga juu ya vilima. Usiku upepo hugeuka, ukaelekea ziwani, na dhoruba nyingi huzaliwa juu ya maji yenyewe. Kweli, kabla ya mapambazuko radi zilipasuka huko na mawimbi yakapanda hadi penye mitumbwi. Laiti tungalikuwa njiani, hotuba hii ingalikuwa ya maombolezo.

Vijana walilala katika darasa la shule ya jirani na katika nyumba za watu ambao hatukuwajua hata kwa majina. Wapo hapa wazee wanaokijua kisa cha Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ambako yasimuliwa kwamba kijiji kizima kiligeuka ziwa kwa sababu kilimfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi wakati wa karamu. Watu wa Sori hawakutufukuza. Waliwasha moto, wakatoa nguo kavu, wakapika uji. Twaomba Mkutano huu uandike shukrani zake kwao.

Asubuhi dereva wa basi alitaka kuondoka, ijapokuwa maji yalikuwa yakipita juu ya barabara. Hapo angalau tulikuwa tumejifunza. Tulikumbuka Mto Enziu katika Kitui, ambako tarehe 4 Desemba, 2021, basi lilijaribu kuvuka maji yaliyofurika, na watu zaidi ya 30 wakafa. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na yafikapo sentimita 60 huweza kulichukua gari. Tukangoja siku mbili.

Wazee wetu, wako wanaosema kwamba ile ilikuwa mvua ya ajabu isiyoweza kukisiwa. Hatuwezi kujificha nyuma ya neno hilo. Ni kweli kwamba masika ya mwaka 2024 yalikuwa makali, hata Serikali ikaahirisha kufunguliwa kwa shule hadi tarehe 13 Mei. Lakini maji yana desturi. Mto Kuja huanza katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ukaungana na Mto Migori na kuingia ziwani huko Nyatike. Mtu wa chini aweza kufurikiwa chini ya anga jeupe kwa mvua iliyonyesha kwa jirani wa juu. Vivyo hivyo mwezi wa Aprili, 2012, vijana saba wa kundi la kanisa walikufa katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, walipokutwa na maji ya ghafula. Na ziwa letu lenyewe lilipanda zaidi ya mita mbili baada ya mvua kubwa za 1961, likafikia kilele mwaka 1964. Kisha mwezi wa Mei, 2020, likakipita hata kimo kile. Wazee wa ufukoni wayakumbuka haya yote. Lililotupungukia ni masikio.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, pasipigwe kambi ya Chama kabla wazee watatu wa mahali hapo hawajaulizwa maji hupita wapi, na jibu lao liandikwe. Pili, katika miezi ya masika tangazo la Idara ya Hali ya Hewa lisomwe kila siku, na likiwa baya safari ivunjwe bila haya, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Tatu, awepo mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, mwenye mamlaka ya kuhamisha kambi saa yoyote bila kungoja kikao.

Jambo la mwisho. Kijana yule aliyeangushwa na maji alituuliza njiani, "Mbona yule mzee alisema, na ninyi mkanyamaza?" Kila mwaka sisi huwafundisha vijana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii asiyesikia alikuwa mwalimu. Tumemwomba radhi kijana huyo, na leo twawaomba radhi wazazi wote. Hatuombi kambi ikomeshwe, kwa maana vijana wenyewe wameuliza watarudi lini kuwasalimu watu wa Sori. Twaomba warudi, ila mahema yapigwe pale atakapoonyesha yule mzee.