Kura ya ine

Maneno ya kamarade wetu mbele ya vijana wa Lubumbashi, Novemba 2024

Wenye kazi, asanteni kwa kuiacha na kuja hapa. Na sisi wenye hatuna kazi, asanteni kwa kuacha kuitafuta kwa saa moja.

Nitaanza na kitu chenye kinanipatisha haya. Tarehe 20 Desemba 2023 nilisimama ku mustari tangu asubuhi, kadi mu mukono. Mbele ya mashini nilichagua mara ine. Kura ya kwanza, Rais wa Jamhuri: nilijua nani. Ya pili, mubunge wa taifa: nilijua. Ya tatu, mubunge wa jimbo: nilifikiri kidogo, nikafinya. Ya ine, konseye wa komine: niliona picha mingi, jua lilikuwa kali, watu nyuma walikuwa wanalalamika kama ninakawia. Nikafinya picha moja, nikatoka. Mpaka leo sijui nilimupa nani kura yangu.

Na mi nilisoma mambo ya utawala miaka mitano ku universite.

Nawauliza na ninyi: nani hapa anajua jina la konseye mumoja wa komine yake? Anyooshe mukono. Naona mikono mitatu. Tuko karibu makumi ine.

Sisemi hivi ili tuchekane. Nasema kwa sababu ile kura ya ine njo ilikuwa karibu na mulango wetu kuliko zote. Mvua imeanza. Kanivo yenye kujaa taka mbele ya nyumba yenu, si Rais atakuja kuizibua. Njia ya kartie, soko, taa, kuandikisha mutoto mwenye kuzaliwa, yote hii sheria iliiweka mu mikono ya komine. Lakini sisi tunajua majina ya mawaziri wote wa Kinshasa, na hatujui nani anapiga hesabu ya pesa ya soko letu.

Mama yangu anauzisha mboga. Kila siku anatoa makuta ya tike ya soko. Siku moja mvua ilinyesha, bulongo ikafika mpaka ku meza yake, akaniuliza: "We ulisoma, unielezee, hii makuta inaendaka wapi?" Nilianza kumwelezea sheria. Akanikatiza: "Sikuuliza sheria. Nimeuliza makuta." Nikaenda ku biro ya komine kuomba kuona bajeti. Wakaniambia nirudi kesho. Nikarudi mara tatu. Mara ya mwisho mutu mumoja akaniuliza: "Ni chama gani kimekutuma?"

Bandugu, ile swali njo imenileta hapa leo. Kwa wakubwa wetu, kijana mwenye kuuliza bajeti lazima ametumwa na mutu. Hawawazi kama raia anaweza kujituma mwenyewe.

Sasa tuangalie sheria inasema nini, kwa sababu mutu asiyeijua anadanganywa bure. Katiba ya 2006, ku kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji, komine, sekta na shefferi inaongeza: ku ile sehemu ya jimbo, 40% ni ya hizo entite za chini. Pigeni hesabu: ku kila franka 100, franka 40 kwa majimbo, na ndani ya hizo, 16 kwa miji, komine, sekta na shefferi. Kila mutu anajua kama pesa haishukake vile. Lakini nani anaidai? Burgumestre mwenye kuwekwa na wakubwa wa juu atawadai namna gani wale wenye walimuweka?

Njo maana uchaguzi wa chini ni muhimu. Ulipaswa kwenda hivi: sisi tunachagua konseye wa komine. Wao wanachagua burgumestre, na wanachagua tena konseye wa muji. Wale wa muji wanachagua meya. Sisi tulifanya kipande chetu. Karibu mwaka muzima umepita, na tungali na meya na burgumestre wenye hatukuchagua, na konseye wetu hawakuwachagua. Ndugu zetu wa Likasi, kura ya ine hawakuiona hata, kwa sababu iliwekwa tu mu miji mikubwa ya majimbo. Na wa Masisi na Rutshuru, vita viliwanyima kura zote.

Tunaomba mambo matatu.

La kwanza, CENI na serikali wamalize kazi yenye walianza. Watoe tarehe na pesa yake.

La pili, burgumestre achaguliwe na raia moja kwa moja. Mu Machi 2019, kisha kura ya maseneta, malalamiko ya rushwa yalikuwa mingi mpaka Rais akasimamisha kuwaingiza mu kazi. Wale maseneta wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, ni kusema watu wachache. Kununua watu wachache mu hoteli ni rahisi. Kununua komine nzima ni nguvu. Wengine watasema kura ya raia ni bei kali. Sawa, lakini tunalipa pia bei ya kiongozi mwenye hatuogope. Na siku hizi wakubwa wanabishana juu ya kubadilisha Katiba. Ombi letu halihitaji kuigusa. Kubadilisha sheria kunatosha.

La tatu, ile seuil. Ili lisiti ihesabiwe wakati wa kugawa viti, kwa bunge la taifa inaombwa 1%, kwa bunge la jimbo 3%, na kwa konsei ya komine 10%. Angalieni vizuri: pale kijana asiye na chama angeweza kuingia, njo pale waliinua mulango zaidi. Ishushwe.

Sasa, juu ya vyama. Mu 2023 mi mwenyewe nilivaa tisheti ya kandida, nilikula makuta yake. Nilikuwa na njaa, sitadanganya. Kisha uchaguzi, telefone yake haikupita tena. Juzi mutu wa chama ingine alikuja kuniomba niongoze vijana wao. Nilikataa, na ile usiku sikulala vizuri, kwa sababu ku nyumba hakukuwa kitu. Kwa hiyo simuhukumu mwenye alikubali. Chama si zambi. Lakini hapa, ndani ya mwendo huu, hatuvae rangi ya mutu. Siku tutaenda kuuliza bajeti, tuwe na uhuru wa kumuuliza wa madaraka na wa upinzani swali moja.

Sitaki mutoke hapa na makofi tu. Kila mumoja, kabla ya mwisho wa mwezi, atafute majina ya konseye wa komine yake, ayaandike, ayabandike ku groupe ya avenue. Kisha tuandike barua moja kwa kila komine: tunaomba kuona bajeti, tunaomba kujua konsei inakaa siku gani, ili tukae nyuma na kusikiliza. Kopi yenye muhuri wa mapokezi ibaki kwetu. Wakisema turudi kesho, tutarudi kesho. Lakini hatutarudi mutu mumoja, tutarudi makumi ine.

Na wakituuliza ni chama gani kimetutuma, mi nitajibu: mama yangu, wa soko.