Bunduki Nyepesi ya Kartushi Moja kwa Kuwinda Kanga

Maneno ya moniteri wa kilimo mbele ya watu wa vijiji



Kazi yangu ni mihogo na mahindi, si bunduki. Lakini katika kila kijiji ninachopita, mkutano ukiisha, mtu hunivuta kando na kuniuliza: "Moniteri, nimeweka franga kidogo. Ninunue bunduki gani kwa kanga?" Na kweli swali hili ni la shamba pia. Kanga huingia katika mahindi mapya asubuhi mapema, hukwaruza mstari kwa mstari, na mbegu hupotea kabla ya kuota. Tena katika sufuria ni nyama njema. Kanga mzima ana kilo moja na zaidi, na katika nchi yetu ya migodi, ambako nyama kubwa za mwitu zimekimbia kwa sababu ya barabara, na mashimo, na miti inayokatwa kwa makaa, kanga bado yuko.

Kabla ya kusema bunduki ya kununua, niseme kwanza ile isiyofaa kabisa. Ni bunduki ya bomba.

Babu zetu walitumia bunduki za kujaza kwa mdomo. Mwaka 1890 serikali nyingi zilipatana katika mji wa Brussels kwamba bunduki njema zisiingizwe katika nchi hizi, ila zile za jiwe la moto na baruti ya kawaida tu. Basi mafundi wa kwetu walijifunza kutengeneza hizo na kuunda nyingine kwa chuma walichopata. Ufundi wao siudharau. Lakini leo mtu huokota bomba la maji nyuma ya mgodi, hulikata, hulifunga juu ya mti, akasema, "Nina bunduki." Bomba la maji limefanywa kwa kubeba maji. Mara nyingi lina mshono toka mwisho hata mwisho, na baruti ikiwaka hutafuta mshono ule. Na mshono uko wapi? Uko mbele ya macho yako na juu ya mkono wako wa kushoto. Mmewaona wenyewe watu wenye vidole viwili.

Tena kuna jambo baya kupita hilo. Wengine hutia ndani ya bomba dawa ya kupasulia mawe, ile ya mgodi. Sikilizeni vizuri. Baruti ya bunduki huwaka kwa haraka na kusukuma risasi mbele. Dawa ya mgodi haisukumi, hupasua. Imefanywa kwa kuvunja mwamba, nayo haichagui kati ya mwamba na mtutu. Hata bunduki nzuri ya kiwanda haiwezi kuivumilia. Anayekuuzia dawa hiyo kwa bei ndogo anakuuzia upofu.

Sasa bunduki ya kununua. Mimi nasema: bunduki ya mtutu mmoja, inayovunjika katikati, yenye kula kartushi moja tu. Bei yake ni ndogo kuliko ya mitutu miwili, vyombo vyake ni vichache, na fundi wa kijijini anaweza kuisafisha yote. Na faida yake kubwa ni hii: ukiifungua, kila mtu huona kama ina kartushi au haina. Baikal za Urusi ni za namna hiyo, na zile za zamani za Ubelgiji pia. Uzito wake huwa kama kilo 2 na nusu hata 3, kwa kadiri ya kalibri.

Kalibri ni kitu gani? Wengi hudhani namba kubwa ni bunduki kubwa. Sivyo, ni kinyume. Wazee wa ufundi walichukua risasi, ile madini, ratili moja ya Kiingereza, ndiyo gramu 454. Wakiigawanya kuwa vidonge 12 vilivyo sawa, kidonge kimoja huenea mdomo wa kalibri 12. Wakiigawanya kuwa 20, vidonge ni vidogo, na mdomo wa kalibri 20 ni mdogo: milimetri 15 na nusu hivi, na ule wa 12 ni 18 na nusu. Chini yake iko ndogo iitwayo 36, yenye mdomo wa milimetri 10 tu.

Basi kijana husema, "Nataka kalibri 12, yenye nguvu, tena iwe nyepesi kabisa, kwa maana natembea mbali." Hapa ndipo wengi hukosea. Nguvu inayotupa marisaa mbele, ile ile hurudisha bunduki nyuma. Bunduki nzito hupokea teke hilo yenyewe. Bunduki nyepesi hulipeleka begani mwako. Mtu aliyepigwa begani mara tatu, mara ya nne hufumba macho kabla ya kuvuta kidole, na kanga huenda zake. Bunduki si mbaya, na macho ya mtu si mabaya, ila wawili hawa hawakupatana.

Iko hesabu ya kupatanisha. Fundi mmoja Mwingereza, jina lake Greener, alifundisha kwamba uzito wa bunduki uwe mara 96 ya uzito wa marisaa yaliyo katika kartushi. Gramu za marisaa zimeandikwa juu ya sanduku. Kartushi ya gramu 36 hutaka bunduki ya kilo 3 na gramu 456. Ya gramu 32 hutaka kilo 3 na gramu 72. Ya gramu 28 hutaka kilo 2 na gramu 688. Ya gramu 24 hutaka kilo 2 na gramu 304. Asiyependa kuzidisha kwa 96 azidishe kwa 100, ndizo sifuri mbili tu, halafu apunguze kidogo. Na mizani? Ile ya kupimia muhogo sokoni inatosha, ila fungua bunduki kwanza, watu waone haina kitu.

Mnaona basi. Ukitaka bunduki nyepesi ya kilo 2 na nusu, kartushi yako ni ya gramu 24 au 26, wala si 36. Ndiyo sababu, kwa mtu wa kutembea siku nzima, napenda kalibri 20. Kalibri 12 nyepesi si mbaya kama utaipa kartushi ndogo, lakini dukani mara nyingi hupati ndogo, na utachukua iliyopo. Hapo bega litalipa. Kwa hiyo uliza dukani mbele ya kununua bunduki: "Kartushi gani zinafika hapa, mvua na kiangazi?" Bunduki ya 20 katika mji usiokuwa na kartushi za 20 ni fimbo ya bei kubwa. Ile ya 36 ni nyepesi sana na vijana huipenda, lakini chakula chake ni kidogo, na mtu asiyejua kunyemelea hata metri 20 ataumiza ndege bure.

Sasa kartushi yenyewe. Marisaa ni vile vidonge vidogo vya ndani. Wawindaji wengi hununua chevrotine, ile ya vidonge vikubwa, wakisema, "Nikikutana na mbawala je?" Chevrotine ya kalibri 12 mara nyingi ina vidonge 9. Tisa tu! Kanga hupita katikati yao kama mtu apitavyo mlangoni. Marisaa ya namba 5 ya Kifaransa yana milimetri 3, na katika gramu 28 mna vidonge kama 175. Ya namba 6 ni madogo zaidi, nayo hupita 220. Kwa kanga nunua 5 au 6. Mbawala mwache siku ile.

Wamarekani wana ndege wao wa kuwinda namna hii, bata mzinga wa mwitu. Wazungu wa zamani walimchanganya na kanga kwa jina, na Linnaeus alipoandika majina mwaka 1758, jina la Kigiriki la kanga, meleagris, alilitia kwa wote wawili. Kwa tabia pia wanafanana: usiku hulala juu ya mti, mchana hutembea chini, huona mbali, na kukimbia mbele ya kuruka. Na wawindaji wa bata mzinga hawapigi mwili. Hukaa kimya, hungoja ndege asimame na kunyosha shingo, halafu hupiga kichwa na shingo. Fanyeni hivyo kwa kanga. Mabawa yake ni mazito na marisaa hukwama ndani ya nyama, lakini kidonge kimoja cha kichwani kinatosha. Najua, mtu hupenda kupiga katikati ya kundi. Utaokota watatu, na wengine wanne watakwenda kufa majanini, chakula cha mbweha.

Namna hiyo yataka mtutu unaokusanya marisaa. Mitutu mingi ya kartushi moja imebanwa kidogo mdomoni, karibu milimetri moja, ili marisaa yasitawanyike upesi. Usiamini maneno ya muuzaji, jaribu. Tundika karatasi kubwa, ichore kanga kwa makaa, hesabu hatua kubwa 30, piga mara moja. Hesabu matundu ya kichwani na shingoni. Kama ni manne au matano, vema. Kama ni moja au hakuna, sogea hatua 5 na ujaribu tena. Hatua utakazopata ndizo mpaka wako mwituni. Kartushi mbili za kujaribu si hasara, ni wale kanga ishirini utakaowakosa baadaye.

Ukinunua bunduki iliyokwisha kutumiwa, angalia hivi. Elekeza mtutu juu mbinguni, tazama ndani. Ukiona kivuli cha pete, mtutu umevimba, uache. Ondoa mti wa mbele, funga bunduki, itikise karibu na sikio: ikilia kama meno ya mzee, imelegea. Bonyeza kwa kidole gumba nyundo iliyoshuka. Kama inagusa ule msumari wa kupiga fataki, bunduki hiyo ikianguka itajipiga yenyewe. Weka kitako katika kiwiko chako: kidole kifike vizuri pale pa kuvuta. Kitako kikiwa kifupi, ongeza kipande cha mpira wa gari, nacho kitapunguza teke. Bunduki za Ubelgiji zilizojaribiwa Liège zina herufi E L G ndani ya umbo la yai. Isiyo na alama ya kujaribiwa, ya nchi yo yote, usiinunue.

Soma pia urefu wa chumba cha kartushi. Bunduki za zamani nyingi ni 65 milimetri, nyingine ni 70, nyingine 76. Hapa pana hila. Namba iliyoandikwa ni urefu wa kartushi ikiisha kufunguka, baada ya kupiga. Kwa hiyo kartushi ya 76 yaweza kuingia vizuri katika chumba cha 70, ukafurahi. Ukipiga, mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka, na nguvu yote hurudi kwako.

Na nyumba yenye bunduki mbili, ya 12 na ya 20, isiweke kartushi katika mfuko mmoja. Kartushi ya 20 ikitiwa katika bunduki ya 12 huteleza mbele na kukaa mtutuni. Mtu hufungua, haoni kitu, hutia ya 12 nyuma yake, huvuta. Mtutu hupasuka. Viwanda hupaka kartushi za 20 rangi ya manjano kwa sababu hiyo. Wafundisheni watoto rangi hiyo.

Karatasi ni neno fupi. Sheria juu ya uwindaji ilitolewa mwaka 1982, na ile juu ya silaha mwaka 1985. Kabla ya kutoa franga nenda kwa msimamizi wa teritware, uulize ruhusa ya bunduki, ruhusa ya kuwinda, na miezi iliyofungwa. Wakati wa mvua kanga hutaga, basi walinzi wa mbegu shambani wawe watoto wenye madebe.

Lakini jambo moja halimo katika karatasi zote. Zamani mwituni mlikuwa na mwitu tu. Sasa mna wachimbaji. Shimo moja hapa, shimo jingine pale, na majani marefu kati yake. Mtu hutoka shimoni na kichwa chake hufikia urefu wa kanga. Marisaa madogo yaweza kupita metri 200, na kanga asimamaye chini hukufanya upige sawa na ardhi. Kama huoni udongo au kichuguu nyuma ya ndege, usivute. Ngoja apande kichuguu, au umwache. Na karibu na maji ya kuoshea mawe usiwinde kabisa, kwa maana pale wanawake na watoto huinama siku nzima.

Nyumbani, mama akate nyama yote iliyo kando ya jeraha, aitupe mbali na kuku, na atafute vidonge kwa vidole kabla ya kupika. Risasi ni sumu, huingia mwilini polepole, na watoto wadogo na wanawake wenye mimba huumizwa zaidi. Kanga aliyepigwa kichwani ana kazi ndogo zaidi: kata shingo, halafu tafuta vidonge vilivyoingia mwilini.

Wenye bunduki waje kesho asubuhi chini ya mwembe, mtutu ukiwa wazi na kartushi zikiwa nyumbani. Nitaleta mizani ya muhogo na kipimo cha milimetri. Na mtu alete sanduku la kartushi zake, hata tupu, tusome namba pamoja.