Maktaba na Makumbusho: Toa Maoni Mapema

Msikilizaji wetu wa Embu, kuanzia Runyenjes hadi Siakago, Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliweka maktaba na makumbusho za kaunti mikononi mwa serikali ya kaunti. Kwa hiyo jengo la namna hiyo likipangwa, una haki ya kushirikishwa, na yafaa uulizwe kabla ramani haijachorwa. Mkutano unaoitishwa kuta zikiwa zimeshapanda haumshirikishi mtu yeyote.

Waulizwe wanafunzi wanaokosa mahali pa kusomea jioni. Aulizwe anayetumia kiti cha magurudumu. Na wazee wa Waembu na Wambeere waseme ni vitu gani vya ukoo vinafaa kuonyeshwa, na vipi havistahili kuanikwa hadharani. Masimulizi ya Mwene Ndega, babu wa Waembu katika simulizi zao, na msitu wake karibu na Runyenjes hayamo kichwani mwa msanifu majengo. Lazima asimuliwe, tena na wenyewe.

Kuhusu fedha, sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Hudhuria kikao cha wadi yako kabla ya hapo, na maoni yako uyapeleke kwa maandishi.