Jina moja la chuo, nani hulichagua?

Juma hili nataka tuzungumze habari ya fedha za utafiti wa tiba, hasa zile zinazotolewa na mifuko binafsi ya hisani kwa mtafiti ambaye lazima kwanza apendekezwe na chuo chake. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wasomi, wakanyoosha mkono kuzima redio. Nawaomba wangoje kidogo.

Majuma mawili yaliyopita alinifuata hapa Dodoma daktari mmoja kijana. Kwao ni Mvumi, lakini anafundisha katika chuo kimoja nchini ambacho sitakitaja. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake andiko la utafiti juu ya homa ya papasi. Mfuko mmoja wa ng'ambo ulikuwa umeviandikia vyuo kadhaa kwamba kila chuo kilete jina la mtafiti kijana, jina moja tu, ili washindanishwe. Kijana huyu aliiona barua hiyo kwenye ubao wa matangazo, siku tisa baada ya jina la chuo chake kwenda. Alipouliza ni nani aliyelichagua na kwa kipimo gani, aliambiwa kamati ilikwisha kukaa. Kamati ipi? Kamati.

Sisemi kwamba andiko lake lilikuwa bora kuliko la aliyepelekwa. Huenda halikuwa, na yeye mwenyewe alikiri hivyo. Kinachomuuma ni kwamba hakushindwa, hakushindanishwa. Tena mfuko ule unataka mtu asiyezidi miaka mitano tangu apate shahada ya uzamivu, na kwake mwaka huu ndio uliokuwa wa tano.

Mtindo huu wa jina moja haukubuniwa kwa ajili yetu. Kule Marekani Mfuko wa Pew umekuwa ukiwasaidia watafiti vijana wa tiba kwa namna hii tangu 1985. Taasisi hualikwa, nayo taasisi iliyoalikwa huteua mtu wake. Na sababu zake ni za haki kabisa. Mfuko una watumishi wachache. Ukifungua mlango kwa kila mtu utapokea maandiko kwa magunia. Aidha unataka chuo kiseme kwa saini yake kwamba mtu huyu tunamfahamu, tutampa maabara na muda, na fedha zake tutazitolea hesabu. Upo mtindo mwingine. Mwaka 2008 mfuko wa Bill na Melinda Gates ulianza kupokea maandiko ya kurasa mbili tu kutoka kwa yeyote mwenye wazo, kwa ruzuku ya dola 100,000, na watafiti wetu wa Ifakara ni miongoni mwa waliofaidika. Lakini milango ya namna hiyo ni michache, na mtafiti wa kawaida bado hana budi kupita kwa mkuu wake wa idara.

Sasa mkulima wa mtama anahusikaje? Nitaeleza kwa habari ya kwetu Kongwa.

Bibi yangu alikuwa na kibano kidogo cha bati alichokifunga kwenye pindo la kanga. Asubuhi hukaa juani mlangoni pa tembe, akamwita mjukuu mmoja mwenye macho mazuri amng'oe kope. Mara nyingi mjukuu huyo nilikuwa mimi. Ugonjwa ule ni vikope, au trakoma. Mtoto huambukizwa tena na tena, kovu hukaza ndani ya kigubiko cha jicho, na akifikia utu uzima kope hugeuka na kukwaruza jicho mpaka nuru inakwisha. Sisi tulidhani ni uzee.

Katika miaka ya 1980 walikuja Kongwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwamo Dk. Sheila West, wakifanya kazi pamoja na wataalamu wetu. Fedha nyingi za kazi ile zilitoka mfuko binafsi wa Edna McConnell Clark wa New York. Walipima macho ya watoto, lakini pia waliuliza habari za maji: nani huyachota, nani huamua yatumikeje. Akina mama waliona kumwosha mtoto uso ni kutapanya maji yaliyotoka mbali. Walipoonyeshwa, wakakuta lita moja huosha nyuso nyingi kuliko walivyodhani. Kisha vijiji sita viligawanywa. Vyote vilipewa dawa, na vitatu vikaongezewa kampeni ya kuosha nyuso. Matokeo yalichapishwa 1995 katika jarida la Lancet la Uingereza: penye kampeni, vikope vikali vilipungua zaidi. Leo usafi wa uso ni mojawapo ya nguzo nne za kupambana na vikope duniani, pamoja na upasuaji, dawa na mazingira safi. Mwaka 1998 mfuko ule ule pamoja na kampuni ya Pfizer waliunda shirika la kimataifa la kugawa dawa ya vikope bure, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuipata.

Mtaona, basi, andiko la utafiti likipata fedha linaweza kufika hadi kwenye karai la mama wa Ugogo. Lakini tazameni upande wa pili. Baadaye mfuko huo uliacha kabisa kazi ya magonjwa ya nchi za joto, ukageukia vijana wa Marekani. Hatuna la kuwalaumu. Fedha ni zao. Sisi hatuketi kwenye baraza lao, wala hatuwezi kuwaamulia wapende ugonjwa gani.

Ila wanapotuandikia kwamba tuwapelekee jina moja, kalamu iko mikononi mwetu. Papasi wangali wanaishi katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Huuma usiku, na homa yake hupoa kisha ikarudi, ikiwatesa zaidi wajawazito na watoto wadogo. Hospitali ya Mvumi ilijaribu kupulizia dawa nyumba katika miaka ya 1990. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Nani atayabeba haya mpaka New York au London, kama kamati isiyo na jina imekwisha kukaa?

Nilimpelekea swali hili profesa mmoja mstaafu, mzee ninayemheshimu sana. Akacheka. "Ukitangaza, mwanangu, utapata maandiko thelathini. Nani atayasoma? Na ukimpeleka kijana asiye na machapisho, umeitupa nafasi." Hoja yake ya pili ina uzito: wazungu wale hutazama machapisho, na chuo kinachopeleka mtu dhaifu mara mbili huenda kisialikwe mara ya tatu. Hiyo ya kwanza siikubali, shikamoo yake pale pale. Maandiko thelathini ya kurasa mbili mbili ni kazi ya siku mbili kwa watu watatu. Kama kipimo ni machapisho, basi kiandikwe kwenye tangazo ili kijana ajue mapema anakosa nini. Mbona anayetaka kutoboa kidole cha mgonjwa hupewa fomu na masharti ya maadili yaliyoandikwa yote? Kuchagua jina kumekuwa siri kwa nini?

Nimeviandikia vyuo vitatu vyenye vitivo vya tiba, nikiuliza mambo haya: barua ya mwaliko ikifika hubandikwa baada ya siku ngapi, nani hukaa kuchagua, na asiyechaguliwa huambiwa sababu au haambiwi. Barua zilitoka Jumatatu. Majibu yakija nitayasoma hapa hapa, pamoja na jina la chuo kilichojibu. Bahasha ya kaki bado ipo mezani kwangu. Mwenyewe alisema haihitaji tena.