Upasuaji wa Kupunguza Uzani: Anayopitia Mgonjwa na Wajibu wa Jamaa Zake

Hotuba ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kisii na Nyamira



Mada ya leo ni upasuaji wa kupunguza uzani. Vijijini jambo hili huzungumzwa kwa kunong'ona. Wengine husema ni anasa ya matajiri wa Nairobi. Wengine husema ni njia ya mkato ya watu wavivu. Madaktari hawaoni hivyo. Unene wa kupindukia ni ugonjwa, na mara nyingi huandamana na kisukari, presha, maumivu ya magoti na kukatika kwa pumzi usingizini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume asilimia 17.5.

Nani anafaa kufanyiwa upasuaji

Si kila mtu mnene anahitaji kisu. Daktari huchukua uzani kwa kilo, akaugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 90 na urefu wa mita 1.60 hupata takriban 35. Kuanzia 25 ni uzani uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kwa kawaida upasuaji hufikiriwa kuanzia 35, au chini kidogo ya hapo kwa mgonjwa wa kisukari kilichokataa kutulia. Hata hivyo, mgonjwa huwa amejaribu kwanza lishe, mazoezi na dawa.

Kunyonya mafuta ya tumbo au mapaja ni jambo lingine kabisa. Hiyo ni kazi ya kurekebisha umbo, wala haitibu unene. Anayeahidiwa kwamba atapona kisukari kwa kunyonywa mafuta anadanganywa.

Puto na upasuaji

Wapenzi wa muziki watamkumbuka Peter Msechu, mwimbaji wa Tanzania aliyeshiriki Tusker Project Fame mwaka 2010. Katika miaka ya hivi karibuni alijitokeza hadharani na kueleza kwamba aliwekewa puto tumboni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Kujitokeza kwake kuliwasaidia wengi kuona kwamba kutafuta tiba ya unene si aibu.

Puto huingizwa kupitia mdomoni bila kupasua, likajazwa maji ili mgonjwa ashibe haraka. Baada ya miezi kadhaa hutolewa. Siku za kwanza mgonjwa huwa na kichefuchefu na kutapika.

Upasuaji wenyewe huenda mbali zaidi. Katika aina moja, daktari huondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula, likabaki kama mrija mwembamba. Sehemu iliyoondolewa hairudishwi. Katika aina ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo, na chakula kikapita njia fupi. Mara nyingi kazi hii hufanywa kupitia matundu madogo, na mgonjwa hukaa hospitalini siku chache tu.

Safari ya mgonjwa

Safari huanza wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Mgonjwa hupimwa damu, moyo na tumbo. Huonana na mtaalamu wa lishe na mshauri. Wiki mbili hivi za mwisho huagizwa kula kidogo sana, ili ini lipungue na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Anayevuta sigara huambiwa aache.

Baada ya upasuaji, muuguzi humtaka mgonjwa asimame na kutembea mapema. Jamaa wengine hudhani ni ukatili, lakini kutembea huzuia damu kuganda miguuni. Ndiyo maana pia si vyema kumpakia kwenye matatu na kumrudisha Keroka au Ogembo siku anayotoka wodini. Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 300 za kukaa kitako. Daktari aulizwe kwanza ni lini anaweza kusafiri, na njiani asimame mara kwa mara anyooshe miguu.

Wiki mbili za kwanza ni vinywaji tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, kwa mafunda madogo. Kisha chakula kilichopondwa, halafu chakula laini. Chakula cha kawaida hurudi baada ya wiki sita hadi nane, na hapo pia ni vijiko vichache. Mgonjwa huanza na mayai, maharagwe, samaki au kuku. Ugali hufuata mwisho, nafasi ikibaki. Akila haraka hutapika. Akinywa soda au chai yenye sukari nyingi, anaweza kutokwa na jasho, moyo ukaenda mbio na tumbo likamkata.

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele za wengi hukatika, kisha kwa kawaida huota tena. Ngozi hulegea. Wengine hupatwa na huzuni, kwa kuwa chakula kilikuwa kitulizo chao. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma na kalsiamu humezwa maisha yote, na damu hupimwa kila mwaka. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18. Pombe humlewesha mtu upesi kuliko zamani.

Kazi ya nyumbani

Daktari humaliza kazi yake kwa saa chache. Sehemu iliyobaki hufanyika mezani, na meza ya Mgusii ni ya watu wengi. Kwenye matanga, harusi na harambee, mgeni hupakuliwa sahani iliyojaa, na kuiacha ni kama kumdharau mwenye nyumba. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa akiketi hapo huwa na njia mbili: ale aumie, au akatae asemwe.

Lipo neno lingine linalouma. Mtu akipungua haraka, kijiji husema ana ugonjwa wa siri, au mwenzake wa ndoa hamlishi. Wagonjwa huanza kula ili wanyamazishe maneno, na uzani hurudi.

Diego Maradona, mchezaji maarufu wa soka wa Argentina, alifanyiwa upasuaji huu nchini Kolombia mwaka 2005 akapungua sana. Baadaye uzani ulirudi, na mwaka 2015 akafanyiwa tena nchini Venezuela. Pesa na madaktari alikuwa nao. Upasuaji humsaidia mtu asihisi njaa, lakini hauwezi kubadilisha nyumba anayorudi.

Kwa hiyo jamaa wasimwachie mgonjwa mzigo huu peke yake. Mpishi ampakulie kwenye sahani ndogo. Nyumba nzima ipunguze sukari kwenye chai na mafuta kwenye mboga. Chinsaga, managu, maharagwe na omena ni chakula chema kwa wote, na hakuna haja ya kupika sufuria mbili. Mama mkwe au shangazi akisisitiza "kula kidogo tu", mume au mke ndiye ajibu, ili mgonjwa asionekane ana kiburi.

Mambo ya kuzingatia

Anayefikiria tiba hii aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apimwe uzani, sukari na presha. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira zinaweza kumchunguza na kumwelekeza.

Kabla ya kulipa chochote, athibitishe kwamba hospitali na daktari wana leseni ya baraza la madaktari, KMPDC. Aulize SHA na hospitali, kwa maandishi, ni gharama zipi zitalipwa. Hesabu iwe pamoja na vidonge na nauli za kliniki za miaka ijayo.

Baada ya upasuaji, dalili hizi zisisubiri asubuhi: homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio, kukosa pumzi, mguu kuvimba, au kutapika kusikokoma. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja, na jamaa wamweleze daktari kwamba alipasuliwa tumbo, lini na wapi.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaombwa kuwatembelea wagonjwa hawa kama wanavyowatembelea wenye kisukari. Na majirani wanaombwa jambo moja jepesi: wakimwona mtu amepungua, wamjulie hali kabla ya kumjadili.